Jua la Zamu Mbili

Kwa Dobi,
Nyuma ya Kituo cha Mabasi,
S.L.P. 418.

Jumapili, 22 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka uani kwetu, penye kamba sita na mashuka yasiyokwisha. Umeamkaje? Nakuuliza umeamkaje ingawa huku kiza kinaanza kuingia, kwa sababu sasa najua kwa hakika kwamba wakati huu wewe ndiyo kwanza unapiga mswaki. Mgongo wako vipi, baada ya kuwanyanyua wale wazee unaowauguza? Baridi imepungua? Nijibu ukweli, usinijibu kama unavyomjibu mwajiri wako.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako amenunua pasi mpya nzito, na tangu ainunue hataki mkono wa mtu mwingine uiguse, hata wa mumewe aliyemfundisha kupiga pasi. Mwanao mzima wa afya. Anakula vizuri, ameng'oka jino la mbele, na suruali zake zote zimegeuka kaptura. Siku hizi tunamwita Mkaguzi. Ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ijumaa simu ilipokatika ulituma ujumbe mfupi: "Kaka, mwanangu amenichukia?" Niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Jambo lenyewe haliingii kwenye ujumbe wa simu. Jibu ni hapana, na nalitanguliza hapa juu ili usisome huku unatetemeka. Lakini hapana hiyo imepita njia ndefu, na nataka nawe uipite yote, maana mimi niliyeipita mpaka leo nywele zinanisimama.

Najua ulivyoyaona mambo kwa upande wako. Mtoto aliyekataa kusema nawe tangu kabla ya shule kufunguliwa anakuja kwenye simu kwa hiari yake. Hasalimii. Anauliza swali moja, unajibu, halafu unasikia simu inaanguka sakafuni na miguu inatimua mbio. Ningekuwa wewe, ningelia pia.

Unaikumbuka ile simu ya mwisho mliyozungumza vizuri? Huku ulikuwa mchana, jua la utosi. Mimi naanika mashuka ya nyumba ya wageni, yeye kakaa juu ya beseni lililopinduliwa, anakusimulia habari za jino lake linalocheza. Ukamwambia, "Haya mwanangu, huku usiku umekuwa mkubwa, mama anakwenda kulala." Nilimwona akiinua uso kulitazama jua, akaitazama simu, akanirudishia. Sikulitilia maanani. Tangu siku hiyo simu ikilia tu, yeye yuko nyuma ya vikapu vya nguo chafu.

Tulidhani ni hasira ya kuachwa. Wifi yako akambembeleza kwa peremende, mimi nikambembeleza kwa kumbeba mabegani, wapi! Tukimuuliza, anasema tumbo linamuuma. Tumbo gani hilo linalongoja simu ilie?

Basi siku moja alikuja mteja akidai tumelipausha shati lake jipya, na shati lenyewe kola imelika mpaka nyuzi zinaning'inia. Alipotoka, wifi yako akasonya, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi." Mwanao alikuwa sakafuni anapanga vibanio vya nguo. Akauliza bila kuinua kichwa, "Anti, mbona ya mama ni ndefu? Alipanda ndege mbili."

Pasi ilisimama hewani. Tulipomuuliza ana maana gani, alitueleza kwa utulivu kama hakimu anayesoma hukumu. Mama alisema ni usiku. Yeye aliliona jua kwa macho yake, lilikuwa juu ya kamba ya tatu. Na Anti mwenyewe kila jioni humwambia jua limekwenda kulala. Sasa kama jua lilikuwa macho, usiku wa mama ulitoka wapi? Kwa hiyo mama alidanganya. Na kama alidanganya habari ya usiku, basi hata ile ya kwamba atarudi... Hapo akaendelea kupanga vibanio.

Kumbe mtoto hakuwa na kinyongo. Alikuwa na ushahidi.

Nikajitia ujuzi, nikamwambia dunia ni duara. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote. Mwenye maringo akianguka, nasema dunia duara. Lakini sikuwahi kukaa nikaliamini hivi ninavyoamini kwamba beseni ni duara. Akaniuliza, "Kama ni duara, mbona maji ya beseni hayamwagiki?" Nikajikuna kichwa. "Na watu wa upande wa mama wanashikilia nini?" Nikajikuna tena. Wifi yako aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mwalimu wake huleta mashati yake hapa kila Jumamosi. Nikampa kisa chote, nikitegemea atanipa maneno makubwa kuliko yangu. Akaniambia mtoto huyu hajakosea kitu: ametazama, amelinganisha, ameamua. Alichopungukiwa ni vitu vya kutazama. "Usishindane naye kwa mdomo," akasema, "mpe cha kushika. Na akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, mkalitafute pamoja." "Sijui" ni neno zito kwa mtu mwenye ndevu, lakini nimelizoea. Siku hizi nalitumia kuliko salamu.

Tukaanza na kivuli. Unaujua uwanja wetu. Asubuhi jua hutokea upande wa geti, na ukuta wa geti unazifunika kamba za karibu yake, kwa hiyo naanza kuanika upande wa tanki la maji. Jioni linazama nyuma ya tanki, nami nahamia upande wa geti. Miguu yangu inalijua hilo hata nikiwa na usingizi. Lakini kujua kwa miguu ni kitu kimoja, na kukaa ukajiuliza ni kingine.

Mkaguzi akachukua vibanio. Kila nilipotoka kuanika, yeye alichomeka kibanio ardhini pale kinapoishia kivuli cha nguzo ya kamba. Kufika jioni vilikuwa vimetambaa kutoka upande wa tanki mpaka upande wa geti, safu nzuri iliyopinda kama nyusi. Kesho yake tukaviacha palepale, tukasubiri. Kivuli kikaja, kikapita kwenye njia ileile, kibanio baada ya kibanio. Nilichuchumaa pale na shuka bichi begani nikaangalia, mpaka maji yakanilowesha mgongo mzima. Nimesimama katika uwanja huu tangu sina mvi, na nilikuwa sijui kama jua linapita kwetu kwa adabu namna hiyo.

Usidhani yote yalikuwa matamu. Vibanio alivichukua wapi? Kwenye mashuka ya nyumba ya wageni. Upepo ukaja, mashuka manne meupe yakalala kwenye tope, na msimamizi wao yuko getini kaja kuyachukua. Wifi yako alipiga kelele mpaka kituo cha mabasi kikageuka. Mtuhumiwa akajitetea, "Niliazima." Tulifua upya, tukaomba radhi. Jioni yake nikamkuta wifi yako huyohuyo amekaa anatengeneza vibanio vibovu kwa waya, anavipaka rangi nyekundu. "Hivi ni vya Mkaguzi," akanikaripia, "asiguse vyangu tena."

Uliniuliza mwezi jana kama ununue lile sanduku la majaribio ya sayansi uliloliona dukani. Acha, nunua koti. Hapa juzi ameanika fulana nyeusi na nyeupe bega kwa bega, akawa anazishika kila mara kuona ipi inapata moto mapema. Ameziba mdomo wa birika kwa kijiko baridi akaona maji yanazaliwa juu ya kijiko. Siku zote nimejua kwamba nguo nyeusi inawahi kukauka. Aliponiuliza kwa nini, nikamwambia sijui. Akafurahi kweli, kama nimempa zawadi.

Turudi kwenye jua. Jumanne, mchana kweupe, tulifunga madirisha ya chumba cha pasi, tukaziba nyufa kwa mablanketi ya wateja, Mungu na wateja watusamehe. Dunia tuliitengeneza kwa soksi. Kila dobi ana soksi yatima, zile ambazo wenzao wamepotea na wenyewe hawaji kuzidai. Tulizifunga zote zikawa donge moja kubwa. Wifi yako akafungua kopo lake la vifungo vilivyodondoka kwenye nguo, akashonea chekundu upande mmoja, ndiyo sisi, na cheupe upande wa pili, ndiyo wewe. Pembeni ya chekundu Mkaguzi akachora kwa kalamu, huku geti, huku tanki.

Tochi hakumwachia mtu. "Mimi ndiye jua," akasema, akasimama juu ya kiti bila kutikisika. Mimi nikashika dunia, nikaanza kuizungusha polepole. Kifungo chekundu kikaingia kwenye mwanga, kikapita, kikazama gizani. Cheupe kikatokea. Wifi yako akasema "Haa!" na mimi nikajiona nimemaliza kazi.

"Simama," Mkaguzi akasema. Akashuka, akaiacha tochi juu ya kiti ikiwaka, akainama akatazama michoro yake. "Mjomba, mbona mwanga umefika kwenye tanki kwanza? Jua letu linaanzia getini."

Nilitazama. Nikatazama tena. Mdogo wangu, nilikuwa naizungusha dunia kinyumenyume! Mtu mzima na ndevu zangu, nimekabidhiwa dunia mikononi, naipeleka kombo, na mtoto wa miaka saba mwenye pengo ananisahihisha kwa ushahidi wa vibanio. Hakucheka wala hakujigamba. Alinisubiri tu nigeuze.

Nikageuza. Mwanga ukaingia getini, ukapanda juu ya kifungo chetu, ukateremka kuelekea tanki. Ulipobaki ukingoni kabisa akaniambia nisisogee. Akazunguka upande wa pili kwenda kutazama cheupe. Nacho kilikuwa ukingoni, mwanga ndiyo kwanza unakigusa, upande mmoja unang'aa na mwingine bado mweusi. Akatazama huku, akarudi akatazama kule.

Na mimi hapo ndipo liliponishukia. Nilihisi sakafu inazunguka. Nilijiona nimesimama juu ya kitu kikubwa kupita akili, kinakwenda kimya kimya bila hata kumwaga beseni, nawe uko upande wake wa pili, nyayo zako zimeelekeana na zangu, na kati yetu ni udongo na mawe tu. Sote hatuanguki. Kila siku, tangu kabla ya babu wa babu zetu, kinageuka vilevile, nami nimekuwa juu yake nafua nguo sina habari. Niliogopa, na nilifurahi, yote kwa pamoja. Sijui neno lake. Ningekuwa peke yangu ningepiga magoti.

Mwanao akageuza soksi kidogo mpaka kifungo cheupe kikaingia gizani na chekundu kikawa juani, akaweka kidole juu ya cheupe. "Siku ile mama alikuwa hapa?" Nikamwambia ndiyo. Wifi yako alikuwa amekwisha kulowesha upindo wa gauni kwa machozi.

Nikadhani yamekwisha, nikaomba simu tukupigie. Thubutu! "Mjomba," akasema, "hizi ni soksi."

Ni kweli, zilikuwa soksi. Akasema lazima aulizwe mama mwenyewe, na aulizwe wakati jua letu linapoingia nyuma ya tanki, si kabla wala si baada. Tena mimi nisikudokeze. "Ukimwambia, atasema unachotaka." Akaniapisha mbele ya wifi yako. Ndiyo maana hukuambiwa kitu, ndugu yangu. Ulikuwa ndani ya chumba cha mtihani bila kujua.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa na mawingu, tukasubiri. Ijumaa anga likatakata. Sikuwahi kuogopa simu namna ile. Nikawaza, je, akisema sijaangalia? Akisema kwa haraka ni usiku, ili awahi kazini? Akiwa amelala? Neno lako moja lililochoka lingeweza kumpoteza mtoto huyu, na mimi nimeapishwa, siwezi hata kukukoholea.

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama, jua lako liko wapi?"

Nawe ukasema, niliisikia sauti yako kama uko chumba cha pili, "Ndiyo kwanza linachungulia, mwanangu. Jekundu. Nusu yake bado iko nyuma ya paa la jirani."

Kile kishindo ulichokisikia kilikuwa simu. Ile miguu ilikuwa inakimbilia uani. Nilimfuata nikijikwaa kwenye vikapu. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya tanki, jekundu, limebaki nusu. Mashuka yote ya nyumba ya wageni yalikuwa mekundu, na yeye kasimama katikati yake, mkono juu, anapiga kelele: "Mjomba, nusu! Nusu iko hapa na nusu iko kwa mama!"

Sikumsahihisha. Hilo nalo lina siku yake, tutalipima, na huenda ni mimi tena nitakayesahihishwa. Uwanja wangu wa kuanikia, na wewe uliko, na jua moja limetugusa sote wakati mmoja. Hebu niambie, nani katika ukoo wetu aliwahi kuonyeshwa kitu kama kile?

Akalitazama mpaka likaisha. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayefunga hesabu zake, "Mama hakudanganya." Akafikiri kidogo. "Basi atarudi."

Akarudi ndani mbio kuichukua simu, akaongea nayo kwa furaha muda mrefu, akakueleza vibanio, soksi, geti na tanki. Ilikuwa imekatika. Alipogundua alilia kilio kile ambacho tulikuwa tumekingoja tangu ulipoondoka, na wifi yako alimpakata mpaka usingizi ukamchukua. Hivyo ndivyo mwanao anavyokuchukia.

Neno moja zito, kisha nikuache. Usimtajie mwezi wa kurudi kama huna hakika nao. Sema hujui, kama hujui; nimeshakwambia kwetu neno hilo lina heshima. Lakini ukiutaja, uje. Huyu si mtoto wa kufarijiwa kwa maneno. Anapima.

Wifi yako hasemi tena jua limekwenda kulala. Humwambia, "Limeingia zamu kwa mama yako." Na kila jioni Mkaguzi anasimama kando ya tanki kulisindikiza, hataki tumwite kula mpaka liishe. Kwa hiyo ukiliona linachungulia nyuma ya lile paa, hata kama umechoka na zamu, toka nje ulitazame. Kuna mtu ndiyo kwanza ameachana nalo.

Ndani ya bahasha utakuta kibanio chekundu. Kinatoka kwa Mkaguzi. Anataka ukichomeke popote penye udongo, hata kwenye kopo la maua, uone kivuli chake cha asubuhi kinalalia wapi, halafu umpigie simu. Safari hii atasalimia, nimemsihi.

Wifi yako anakusalimu na anauliza kama huko kuna pasi nzito kuliko yake. Shangazi anakusalimu sana, anakukumbuka kila akiketi kula. Binamu yetu kinyozi anakusalimu, anasema nywele zako za kwenye picha zinamtia uchungu wa kikazi. Mwalimu naye ametuma salamu zake. Wasalimu hao wazee unaowauguza. Waambie kuna dobi upande wa pili wa dunia anawaombea viungo vyepesi.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, na aijalie miguu yako njia ya kurudi.

Wako akupendaye, jua likiwa huku au likiwa huko,

Kaka yako.

Tena: mwenyewe amedai nafasi hapa chini, nimempa kalamu.

MAMA JUA TUMEMALIZA KUANIKIA. SASA NI LAKO. BADO LINA MOTO. UKIMALIZA LIRUDISHE UJE NALO.